Taarifa ya Saa Moja Nyumbani kwa Obwocha

Zamani mtu alinunua televisheni mara moja akazeeka nayo, kama anavyozeeka na mke; siku hizi anaamka asubuhi na kukuta watu asiowajua wameibadilisha akiwa amelala.

Obwocha aliinunua yake Kisii mjini, dukani kwa mzee Ratilal, mwaka alipofanywa karani mkuu wa kituo cha kupimia majani chai karibu na Nyaramba. Ilikuwa ya kwanza katika mlima wote wa kwao. Hakuna fundi aliyeitwa. Alisimamisha bomba la antena kwa mikono yake mwenyewe, kitabu cha maelekezo katika mfuko mmoja wa koti na kamusi katika mfuko wa pili, kwa maana shule aliiacha darasa la nne na mengine yote alijifundisha.

Tangu jioni hiyo, ikikaribia saa moja, wazee wawili walikuja kutazama taarifa ya habari: Makori na Ombui, wa rika lake, waliotahiriwa naye msimu mmoja. Makori alikaa dirishani. Ombui alikaa karibu na mlango ili apate pa kutemea mate. Mong'ina, mke wa Obwocha, alileta chai. Taarifa ikiisha televisheni ilizimwa, nao wakaanza kuisema upya, waziri kwa waziri, mpaka chai ikapoa vikombeni. Kwa Obwocha hiyo ndiyo iliyokuwa habari. Ile ya kwenye kioo ilikuwa kuni za kuiwashia tu.

Kisha ikaja dijitali. Mawimbi ya zamani yakazimwa, akanunua king'amuzi. Akaambiwa kimepitwa na wakati, akanunua kingine, cha kutazamia bure, ambacho kabla ya mwaka kuisha kilianza kudai malipo kwa maandishi mekundu. Akanunua cha tatu. Stesheni aliyoizoea ilihama kutoka namba nne kwenda sitini na mbili bila kuaga. Nyingine ilibaki jina tu. Ukiibonyeza unaona giza. Obwocha alibandika ukutani karatasi ya namba hizo, akafuta na kuandika, akafuta na kuandika, hata karatasi ikatoboka. Na kila mara aliambiwa kwamba ni maendeleo.

Nyumbani kwa Obwocha ni kwa Wasabato. Televisheni huzimwa na kufunikwa kitambaa Ijumaa jua linapotua, wala haifunuliwi mpaka jua la Jumamosi lizame. Sasa hao wenye mawimbi walipoamua kubadilisha masafa tena, hawakuona siku nyingine ila hiyo. Tangazo lilipita chini ya vioo vya watu tangu Ijumaa usiku hadi Jumamosi alasiri, likiwaambia watafute stesheni upya. Wakatoliki wa ng'ambo ya mto walilisoma. Obwocha alikuwa kanisani akifundisha somo.

Jioni alipofunua na kuwasha, wenzake wakiwa wameshaketi, kioo kilikuwa cheusi, na katikati yake maneno mawili: Hakuna mawimbi.

"Ni ule upepo wa Alhamisi," Obwocha akasema. "Umegeuza antena."

"Antena iko palepale," Ombui akasema. "Mimi huipita kila siku."

"Ukipita pale huwa unatazama antena, au unatazama kama Mong'ina ameinjika chai?"

Makori akacheka. "Mwache karani. Yeye ndiye aliyesoma kitabu."

Basi karani akatoka, akalegeza nati zilizokuwa hazijaguswa miaka mingi, akalizungusha bomba. Ombui akawa dirishani akimpigia kelele.

"Sasa je?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado. Nafikiri imezidi kuwa nyeusi."

Kesho yake alilizungusha tena, na keshokutwa. Jumanne Makori hakuja. Alituma salamu kwamba ng'ombe wake anaumwa. Mong'ina, aliyechoka kusikia neno antena, akasema, "Zungumzeni tu. Tangu lini midomo ikahitaji mawimbi?"

Walijaribu, Obwocha na Ombui. Walizungumza juu ya mtu aliyekufa na juu ya bonasi ya chai. Kufikia saa moja na nusu yalikuwa yamekwisha, Ombui akatafuta fimbo yake. Obwocha alimsindikiza mpaka langoni akiwa amejaa hofu ambayo hakuwa na jina lake. Aliona wazi kwamba wenzake wangekuja mara mbili, tatu hivi, na baada ya hapo wangeacha kuja.

Bosire, mwanawe, aliliona pia. Bosire alikuwa mwalimu, amejenga na mkewe Purity chini kidogo katika shamba la baba, na juu ya paa lake kulikuwa na dishi.

"Tata," akasema, "njooni kwangu nyote watatu. Purity atawaandalia chai."

Obwocha alimtazama kama daktari anayemtafuta ugonjwa. Mwanamume wa Kigusii haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si chuki. Ni ile heshima wanayoiita chinsoni, inayomtenga baba mkwe na kitanda na jiko la mke wa mwanawe. Na aliyetahiriwa pamoja na baba, naye ni baba.

"Hebu rudia ulichosema."

"Nimesema ni taarifa tu, tata. Dakika arobaini."

"Na kuingia tutaingilia wapi? Dirishani?"

Bosire akashusha pumzi. "Basi niruhusu nikiangalie hicho king'amuzi chako. Labda kinataka kutafutiwa stesheni upya."

"Nilisimamisha antena hii hujajua kupenga kamasi," Obwocha akamjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku iliyofuata alivaa koti akaenda Kisii. Mzee Ratilal alikuwa amekwisha kufa; dukani alikuwapo Dev, mwanawe, mwenye simu mbili mkononi.

"Masafa yamebadilishwa, mzee. Hukuona tangazo?"

"Lilikuwa lini?"

"Ijumaa usiku. Jumamosi mchana kutwa."

"Jumamosi ni Sabato."

"Ni kweli, lakini mitambo haijui Sabato."

"Baba yako alijua. Alikuwa ananiwekea mzigo mpaka Jumapili, na yeye si Mkristo."

Dev akamwonyesha kitufe kwenye rimoti. "Bonyeza hapa, halafu hapa. Itatafuta yenyewe, dakika mbili. Antena tu usiiguse."

Obwocha akafunga vifungo vya koti.

"Umeigusa, mzee?"

"Kidogo."

Nyumbani alibonyeza hapa, halafu hapa. King'amuzi kikatafuta, kikamjibu kwamba hakikupata kitu. Akatoka akatazama juu. Zamani angeangalia antena za majirani zikamwonyesha upande; sasa kila paa lina dishi, nayo madishi hutazama kwao, kwenye setilaiti. Siku tatu alilisogeza bomba kidogo kidogo, akiingia kubonyeza, akitoka kusogeza, akitukana kwa Kiswahili ili Mong'ina asisikie matusi yake kwa Kikisii. Mikono ilimtoka malengelenge. Ijumaa machweo akaacha, kwa shida, akafunika.

Jumapili jioni, zikiwa zimebaki dakika chache saa moja itimie, Mong'ina akaita kutoka ndani: "Imekuja. Kuna mtu anasema."

Obwocha hakukimbilia kutazama. Alikaza nati zote nne, akanawa mikono, akaweka kiti dirishani na kingine mlangoni, akamwambia Mong'ina ainjike maji. Kisha akashuka kuwaita wenzake yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana mgeni wa kila siku haalikwi.

Njia inapita mbele ya nyumba ya Bosire. Mlango ulikuwa wazi, na sauti ya msoma habari ikitoka. Ndani, juu ya makochi, walikuwa wameketi Makori na Ombui, kofia magotini, na Purity ameinama akiwamiminia chai.

Obwocha akasimama kwenye nyasi, hatua tatu kutoka kizingitini. Makori akageuka.

"Karani. Ingia, nafasi ipo."

"Nimekuja kuwaambia kwamba kwangu imerudi."

"Tumalizie hii," Ombui akasema bila kugeuza kichwa. "Tutakuja."

Akangoja. Taarifa ya nchini ikaisha, ikaja ya michezo, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuijali. Hawakuinuka. Labda angalijua kwamba kabla ya mwezi kwisha Makori angekufa, na Ombui angechukuliwa na binti yake akaishi Nakuru, angalikivuka kile kizingiti. Labda asingalikivuka. Alipanda mlima kurudi kwake, na hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho kuwaona pamoja: visogo viwili vyenye mvi mbele ya kioo cha mwanawe, na jozi mbili za viatu zimepangwa mlangoni.