Jina Chini ya Jina la Mama

Mama alinipigia simu saa za kazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kwa hiyo nilijua kuna mtu amekufa. Nilimwomba mwenzangu anishikie meza ya mapokezi, nikatoka mbio mpaka kwenye ngazi ambazo watu wa jengo lile hawazitumii.

"Wamekutoa," akasema bila hata salamu. "Kwenye orodha ya wapiga kura. Nimekutafuta mpaka macho yananiuma."

Kumbe aliyekufa nilikuwa mimi.

Orodha ilikuwa imebandikwa kwenye ukuta wa shule ya msingi niliyosomea, ili watu wahakikishe majina yao kabla ya uchaguzi. Miaka yote tulikuwa watatu tuliofuatana kwa jina la ukoo: baba, mama, kisha mimi. Baba alifariki mwaka wangu wa pili hapa Dubai, na mama mwenyewe ndiye aliyepeleka cheti cha kifo ili jina lifutwe. Hilo alilitarajia. Hakutarajia kukuta amebaki peke yake.

"Wanaofutwa ni waliokufa," alisema. "Na watu wamesimama hapa nyuma yangu, wanaona. Niwaambie nini?"

Nikamwambia ni makosa ya kompyuta. Nilimdanganya mama yangu nikiwa nimekaa kwenye ngazi, kadi ya kazi ikining'inia shingoni.

Kompyuta haikukosea. Mwaka jana tulitangaziwa kwamba Wakenya tulio hapa tunaweza kujiandikisha hapahapa, kwenye ubalozi wetu mdogo. Mimi siasa hazinisumbui akili. Wanasiasa wetu nawajua, na wao hawana haja ya kunijua. Nilikwenda kwa ajili ya foleni. Wakati huo nilikuwa nimehamia mtaa wa Al Nahda, kwenye chumba kilichogawanywa kwa mbao, ambako nilikijua kikohozi cha jirani yangu kabla sijaijua sura yake. Mtu kazini akasema foleni ni ndefu na imejaa watu wa nyumbani. Nikavaa nguo yangu nzuri.

Foleni ilikuwa ndefu kweli. Nyuma yangu alikuwa askari wa duka moja kubwa, mtu wa upande wetu kabisa, na mbele mama mmoja aliyebeba chupa ya chai ya maziwa na tangawizi. Nilicheka siku ile kuliko nilivyokuwa nimecheka mwaka mzima. Nilipofika mezani nikapewa fomu. Neno "kuhamisha" lilikuwepo, kwa herufi kubwa. Nililisoma. Lakini nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye mazungumzo, nikatia sahihi nilipoonyeshwa. Kichwani mwangu nilikuwa naongeza jina huku. La kule nililiona ni langu tu, kama kitanda changu.

Wale watu wa foleni tulibadilishana namba. Hakuna aliyepiga. Na mimi sikupiga.

Sasa, wiki ileile ya simu ya mama, tuliojiandikisha hapa nasi tulitakiwa kwenda kuthibitisha kwamba bado tunaishi nchi hii. Nikapanga kwenda siku yangu ya mapumziko, nirekebishe mambo, nirudishwe chini ya mama. Jirani yangu wa kikohozi, Mtanzania, ambaye nilikuwa nimemsimulia, alinisikia nikitafuta pasi ya kusafiria.

"Yalla, haya twende, mpiga kura!" akasema kupitia mbao. "Mwenzio nikivuka tu mpaka, khalas, kura nimeiacha nyumbani."

Safari hii ubalozini hapakuwa na foleni. Kulikuwa na viti vya plastiki, baridi ya kiyoyozi, na karani wa makamo mwenye miwani aliyefurahi kuona mtu. Akaangalia pasi, akaangalia kibali cha ukaazi.

"Bado unaishi hapa?"

"Ndiyo."

"Una mpango wa kurudi nyumbani kabla ya uchaguzi?"

Kila mwaka mama huniuliza swali hilo, na kila mwaka namwambia inshallah Desemba.

"Sina," nikamwambia karani. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na nilimwambia mtu nisiyemjua.

Nikamuuliza kama anaweza kunirudisha kwenye orodha ya kule kwetu. Akavua miwani. "Kwa hilo ni lazima uende mwenyewe, dada, ofisi ya huko, uweke vidole. Mimi hapa nitathibitisha au nitaacha wazi."

"Ukiacha wazi?"

"Basi huku unatoka, na kule hupo."

Nikamwambia athibitishe. Niliona aibu, kama mtu aliyekwenda kuomba ruhusa ya kurudi akaishia kutia sahihi ya kubaki.

Nikampigia mama kutoka kituo cha basi, nikamweleza yote: foleni, chai, fomu.

"Kwa hiyo wewe ni wa huko."

"Ni karatasi tu, mama."

"Hiyo karatasi ndiyo huwa naenda kuiangalia," akasema, na simu ikakatika. Sijui kama ni mtandao.

Siku mbili hakupiga. Nilikwenda kazini, nikawatabasamia wageni, nikarudi, nikala nimesimama. Nilijichukia kwa upumbavu wangu na nikamkumbuka baba ambaye sikumzika.

Siku ya tatu ikaja picha kutoka kwenye simu ya jirani wa mama. Ni ile orodha ya ukutani. Chini ya jina la mama, kwa kalamu ya bluu na zile herufi zake kubwakubwa za darasa la ngumbaru, palikuwa na majina yangu yote matatu na namba yangu ya kitambulisho. Halafu ukafuata ujumbe wa sauti: "Mwalimu mkuu amenigombeza, ati nimeharibu karatasi ya serikali. Nimemwambia aje akufute yeye."

Namba yangu ya kitambulisho huwa siikumbuki. Nilitoa kadi kwenye pochi, nikaweka simu kando yake, nikalinganisha tarakimu moja moja. Mama hakukosea hata moja.