Udhuru wa Maalimu

Ijumaa iliyopita nilishuka Garissa adhana ikilia, nikakuta kibanda cha miraa kilichokuwa cha abti, yaani mjomba wangu, kiko wazi. Muuzaji alikuwa kijana nisiyemjua, anafunga mafungu yake bila wasiwasi. Nilinusa yale majani mabichi nikawa mtoto tena, ubao wa duksi mapajani, vidole vyeusi kwa wino wa makaa.

Duksi yetu, chuo cha Kurani, ilitazamana na kibanda hicho. Asubuhi ayeyo, bibi yangu, alinipa anjera yenye mafuta ya ufuta na sukari, kisha nikimbie kusaga makaa na kuyachanganya na gundi ya mgunga. Ole wako ukichelewa! Maalimu alikuwa na ulimi wa upupu. Hata ayeyo alikemewa kwa kusengenya majirani, na ayeyo hakuwa mtu wa kukemewa.

Lakini aliyeandamwa na maalimu kuliko wote ni abti, rafiki yake waliyechunga naye ngamia utotoni. Gari la miraa kutoka Meru siku nyingine lilichelewa, ila Ijumaa lilifika saa ile ile ya swala. Na kwa joto letu, miraa ikingoja alasiri imeshanyauka. Basi abti akauza, msikiti ukasali.

Siku moja maalimu alitusimulia habari ya Mayahudi wa kale, katika mji wa pwani, waliokatazwa kuvua Jumamosi. Samaki nao, ajabu, walijileta siku hiyo tu. Baadhi wakavua kwa hila, na Mayahudi wenzao wakawakemea. Wengine wakawaambia wakemeaji wanajisumbua bure, hao wamekwishapotea. Wakajibu kwamba wanataka wawe na udhuru mbele ya Mola, na huenda wenzao wakasikia. Darasa zima tukageuza shingo kutazama kibanda cha abti. Tulingoja kiboko, lakini maalimu alikuwa anafuta machozi. Ndipo nilipojua, jamani, kwamba mtu yule hakuwa na chuki hata chembe. Alikuwa na hofu.

Ijumaa iliyofuata alimwendea abti mbele ya madereva wa malori, akasema Kiswahili chake cha lafudhi ya Kisomali ili wote wasikie.

"Mbaka lini, walal, ndugu yangu? Kesho akhera utanishika kanzu, utaniuliza, 'Wewe ulikuwa rafiki yangu, kwa nini ulinyamaza?' Mimi nitasema nini?"

"Sema nilikuwa natafutia watoto chakula," abti akajibu.

Madereva wakacheka. Maalimu akanyakua gunia la miraa, akawamwagia mbuzi. Mbuzi wa Garissa hawangoji kukaribishwa.

Aibu ile ilimshinda abti. Alihamia Masalani na wanawe bila kuaga, na tangu hapo hakukanyaga tena msikitini, si alfajiri si Idi. Maalimu alimfuata huko mara kadhaa, mlango haukufunguliwa. Kisha homa ikamchukua abti. Matangani kwetu maalimu alikaa nje mchangani, chai ya maziwa ya ngamia aliyopelekewa na ayeyo ikapoa mbele yake.

"Nilitaka udhuru," alisema, "nikamboteza mtu."

Hakumkemea mtu tena hadi alipozikwa. Mtaa ulifurahia utulivu ule, mimi uliniumiza. Siku hizi wakemeaji wako kwenye simu, wanawatukana watu wasiowajua hata majina, na sijaona hata mmoja anayemlilia mtu. Duksi imebomolewa, pamebaki mawe na mifuko ya plastiki.

Basi nilisimama pale kibandani hadi hotuba ikaanza. Neno nilikuwa nalo ulimini, tena la upole. Nikakumbuka gunia, nikakumbuka mbuzi. Nikanunua maji, nikaenda zangu. Kesho kijana yule akinishika nguo na kuniuliza kwa nini nilinyamaza, udhuru sina.