Risasi za Bei ya Nyanya

Nimefanya kazi katika duka la bunduki mashariki mwa Johannesburg kwa miaka mingi kuliko niliyodumu katika ndoa, na kusema kweli duka limenitunza vizuri zaidi. Nikienda Tanga likizo, ndugu zangu wakisikia kwamba binti yao anayeswali swala tano anauza risasi, huleta istighfari, kisha huuliza kama nafasi nyingine ya kazi ipo.

Mwenye duka ni mzee wa Kikaburu. Tunamwita Oom, yaani mjomba, kwa heshima ya lugha yao. Nyuma ya duka ana ukumbi wa kulenga shabaha, unaosimamiwa na Mrundi mmoja mpole, mlokole, ambaye huwaombea wateja kimoyomoyo kila wanapokosa shabaha. Kwa hiyo anaomba kutwa nzima.

Oom anaijua risasi kama mama wa sokoni anavyomjua samaki. Ndiye aliyetufundisha. Usinunue boksi, alisema, nunua kilichomo. Tazama shingo ya ganda: ufa mwembamba kama unywele unatosha kuikataa. Kagua kutu ya kijani. Sukuma kichwa cha risasi kwa kidole. Kikicheza kama jino bovu, weka kando. Soma chapa iliyogongwa kitakoni, uone kama inalingana na maandishi ya boksi. Na zaidi ya yote, "Ukisikia mlio mdogo kuliko kawaida, usipige tena! Kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani ya mtutu. Ukipiga ya pili juu yake, bunduki inakupasukia usoni." Somo hili alilirudia mara nyingi hata Mrundi wetu aliliota.

Basi siku moja asubuhi Oom, msomi wetu huyu, akatembelewa na binamu yake mwenye shamba, na pikapu imejaa makasha ya risasi za bunduki. Masalio ya jeshi, alisema binamu. Jeshi gani? "Jeshi zuri." Zilikuwa zimehifadhiwa wapi? Ghalani, chini ya bati, jirani na mbolea. Yaani miaka yote zimepikwa kiangazi na kulowana masika, zikinusa chumvichumvi. Hoteli ya nyota tano.

Kisha binamu akataja bei. Nilimwona Oom akibadilika. Macho yalilegea, sauti ikawa laini, akaanza kumwuliza binamu habari za ng'ombe.

Bibi yangu alikuwa akisema rahisi huvunja upishi, lakini bibi yangu hakuwahi kupewa punguzo la namna hiyo.

Tukamwaga kasha moja mezani. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa na kijani kama kachori ya juzi. Mrundi akainua nyingine, akaiinamisha kwenye taa.

"Dada, hii shingo yake si imepasuka?"

"Imepasuka. Na hii, boksi linasema kitu kimoja, kitako kinasema kingine."

Nikamgeukia Oom. "Oom, hizi chapa ni za aina tatu tofauti ndani ya boksi moja."

"Ndiyo uzuri wake," akadakia binamu. "Mchanganyiko."

"Ni vumbi tu, mama," Oom akaniambia, akifuta ile kutu kwa shati lake. Haikutoka. "Risasi si maziwa. Haichachi."

Huyu ndiye mwalimu wangu. Aliwahi kumfukuza mteja dukani kwa kusema maneno hayohayo.

Ili kutunyamazisha, akaamua kuzijaribu mwenyewe. Akaleta bunduki aliyoachiwa na marehemu baba yake, ambayo sisi tulikuwa haturuhusiwi hata kuipangusa. Tukavaa vikinga masikio na miwani, tukasimama nyuma yake. Akachagua risasi zilizong'aa kuliko nyingine, kama mwenye nyanya anavyopanga nzuri juu.

Ya kwanza ikalia vizuri. Ya pili pia. Oom akageuza kichwa akatutazama kwa ule uso wa mtu aliyeonewa na dunia na sasa ameshinda rufaa. Binamu akapiga makofi.

Ya tatu ikasema *pu*. Kama kizibo cha soda.

Karatasi ya shabaha haikutikisika. Na Oom, labda kwa mazoea, labda kwa aibu, akawa tayari ameshika komeo ili aingize ya nne.

"Oom, acha!" Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. Mrundi akaukamata mkono wake, yeye ambaye hata mlango huufunga kwa kuomba radhi. "Usivute komeo!" akasema. "Bunduki iache ielekee mbele!"

Oom akaganda. Tulisubiri hivyo, mtutu ukitazama ukuta wa mchanga, mpaka Mrundi alipoona ni salama. Akaifungua, akalitoa ganda, akasukuma fimbo ya shaba ndani ya mtutu. Ikafika katikati, ikagota. Akaigonga taratibu kwa nyundo hadi kichwa cha risasi kikaanguka sakafuni.

"Moja tu katika kasha zima!" akasema binamu.

"Vizuri," akajibu Oom. "Njoo upige inayofuata."

Binamu akakumbuka ghafla kwamba ng'ombe wake hawajanywa maji. Alipotaka kupakia makasha aende nayo, Oom akakataa katakata, akawapigia polisi simu waje kuyachukua yakaharibiwe. Wawili hao waligombana kwa Kikaburu mpaka kwenye maegesho, na nadhani mpaka leo hawasalimiani.

Polisi walipoondoka, Oom aliingia kijikoni mwa duka akatutengenezea chai, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nusu ya sukari aliimwaga mezani. Chai ilikuwa mbaya sana. Tuliinywa yote.

"Hilo neno mnaloniita ninyi wawili," akauliza, "*bahili*. Maana yake nini?"

Mrundi, ambaye dini haimruhusu kusema uongo, akatazama dari.

"Mtu makini, Oom," nikasema. "Makini sana."

Akalipenda. Siku hizi hujitambulisha nalo kwa kila mteja Mswahili anayeingia dukani, mkono kifuani.