Niliitikia "marahaba" kambini milimani, na mpaka leo nafsi yangu iko kule mtoni

Wakuu, salamu kwenu wote, mliokaa na mliosimama.

Leo sigawi shikamoo kwa mtu humu ndani, mkubwa wala mdogo. Mkishuka chini mtaelewa kwa nini. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Majina tu nimebadilisha, maana Kilwa ni ndogo na watu wana maneno. Mimi niiteni Mwanahawa.

Ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kilwa Masoko. Nina miaka arobaini na moja. Niliolewa nikaachika, zamani hiyo, tuliachana kwa wema na kila mtu yuko na yake. Mtoto sikujaliwa.

Sina shida ya kula wala kuvaa, alhamdulillah. Shida yangu ni jioni. Nikimaliza kusahihisha madaftari nyumba inakuwa kimya mpaka naisikia friji. Napika kisufuria kidogo na bado chakula kinalala.

Nasema wazi ili msije kunizunguka kwenye komenti: nilikuwa natamani mume. Mtu wa kumwambia "leo nimechoka" na yeye aniulize nimechoshwa na nini. Hicho tu.

Haya, tuingie kwenye stori.

Nina shoga yangu anaitwa Somoe. Kaka yake ana shamba huko ndani, ukishapita Mitole unashika njia ya vumbi, unapandisha vilima mpaka msituni. Chini ya shamba unapita mto mdogo. Kaka mtu akasafisha uwanja pale kando ya maji, akaweka mahema manne, choo cha makuti na jiko la mafiga, akaita kambi ya wageni. Somoe ndiye anayepokea watu.

Likizo ya mwezi wa sita akaniganda. "Twende shoga, ukakae siku mbili tatu, upunguze hiyo sura ya mtihani."

Nikaenda kumuaga mama. Mama akaniangalia juu mpaka chini.

"Marehemu baba yako alikuwa anakwenda dago, anapiga kambi visiwani, anarudi na samaki. Wewe unakwenda dago mlimani. Utarudi na nini?"

Nikamwambia nitarudi na hewa safi. Akasema hewa hata hapa uani ipo, tena ya bure, akaendelea kukuna nazi yake.

Wakuu, kule kuna baridi jamani! Mimi mtu wa pwani nililala na soksi na kanga tatu. Lakini pazuri, sitaki kusema uongo. Maji yanapita juu ya mawe, unayaona mpaka chini. Miti mirefu, asubuhi ukungu umekaa humo humo katikati ya miti.

Ngedere mmoja alituibia mkate mchana kweupe, akapanda juu ya tawi anautafuna huku anatutazama. Somoe anamtukana kwa Kimatumbi, eti Kiswahili hatakielewa. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake asubuhi nikashuka mtoni kuosha mchele. Nimejifunika kanga gubigubi, nimeinama, mgongo wangu uko njiani.

Nikasikia sauti ya kiume nyuma yangu. "Shikamoo, mama."

Sasa nielewеni hapa. Mimi kwa siku naamkiwa na watoto wa shule nzima. Mdomo wangu unaitikia wenyewe. Nikajibu bila kugeuka, tena kwa ile sauti ya darasani:

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, mama."

Ndipo nikageuka.

Yarabi! Mwanamume mzima. Mrefu, ametulia, ndevu zimeanza kutia mvi, ndoo mkononi. Huyu hata ungefanya hesabu kwa kalkuleta asingekuwa mwanangu.

Na yeye nikamwona amegutuka. Alikuwa ameuona mgongo na kanga, akadhani bibi wa watu.

Nafasi ilikuwepo pale, wakuu. Ndogo, lakini ilikuwepo. Ningecheka tu, nikasema "aa mwenzangu, tusiamkiane, rika moja sisi," mambo yangeishia hapo. Lakini mnajua kwetu: ukishaitikia marahaba umeukubali ukubwa. Nikaona nikiukana sasa hivi nitaonekana namtaka. Na kweli nilishamtaka. Basi nikainamia mchele wangu.

Nimwite Hemedi. Mkulima wa korosho kutoka Kilangala, upande wa Lindi. Alikuja na binamu zake wawili kupumzika kidogo kabla kazi ya kupulizia salfa mikorosho haijapamba moto. Hema lao lilikuwa la pili kutoka letu.

Kwa kuwa nimeitikia, akaamini nimemzidi umri, na toka saa ile nikawa mama. "Mama usibebe kuni, nipe mimi." "Mama kaa huku, moshi utakuumiza." Chai ikimiminwa, ya kwanza ya mama. Heshima mpaka inakera.

Siku iliyofuata tukavuka mto kwenda kuona chemchemi. Nikateleza kwenye jiwe. Hemedi alikuwa mbele, akarudi mbio. Wakuu, hakunipa mkono. Alininyooshea fimbo yake, nishike ncha. Adabu ya mtoto aliyelelewa. Nikaishika ile ncha, yeye ameshika kule mwisho, akanivusha taratibu mpaka ng'ambo.

Sijui niwaambieje. Nilitamani mto ule uwe mpana kama bahari.

Mchana tukakaa kwenye mawe, mimi, yeye na Somoe, tunakunywa chai ya mchaichai na mihogo ya kuchemsha. Akatusimulia kwamba mkewe alifariki, amekaa peke yake muda mrefu sasa. Alisema anapika vizuri lakini hapendi kula peke yake. Mimi nikasikia kama ananisomea barua yangu mwenyewe.

Halafu akanigeukia.

"Mama, samahani. Wewe mtu mzima, tena mwalimu. Hivi mtu kama mimi aoe tena, au akae tu?"

Nikaweka kikombe chini. "Oa."

"Nioe msichana?"

"Msichana wa nini! Atakusumbua. Tafuta mwanamke wa makamo, ametulia, ana kazi yake, ameshaishi na mtu akajua tabu ya kuishi na mtu."

Nilikuwa najitaja mwenyewe, wakuu. Nilibakiza namba ya simu tu. Yeye anatikisa kichwa kwa adabu, kama mwanafunzi wa dawati la mbele.

"Nimekuelewa, mama. Mwenyezi Mungu akulipe kheri."

Somoe akaanza kukohoa kikohozi cha uongo. Hemedi alipoondoka, Somoe akanirukia. "Shoga una wazimu? Unamwozesha mume wako mwenyewe?" Akataka amfuate amwambie. Nikamshika kanga, nikamwambia ole wako, utanivua nguo mbele za watu. Somoe akaniacha.

Wakaondoka kesho yake. Hemedi akaomba namba yangu, "ili nikujulie hali, mama."

Na hali akanijulia kweli. Kila Ijumaa ujumbe unaingia: "Shikamoo mama. Ijumaa karimu." Na mimi, mjinga wa watu, najibu.

Nilikuwa naingoja Ijumaa kuanzia Jumamosi. Nikiwa darasani naandika ubaoni, akili iko kule mtoni. Nakumbuka anavyopasua kuni bila haraka. Nakumbuka anavyoimba kaswida kwa sauti ya chini akidhani hakuna anayemsikia. Nimemkumbuka mtu ambaye hata mkono sijampa, mnaweza kuamini?

Siku moja nikajipa moyo. Nikaandika: "Hemedi, mimi siyo mama yako." Nikaisoma. Inasomeka kama namtukana! Nikaifuta. Nikajaribu nyingine, na nyingine tena. Zote nikafuta.

Mwezi uliopita akanipigia. Siyo Ijumaa, na alipiga, hakuandika. Nikapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Mama, nimefuata ushauri wako. Nimepata mchumba. Mwanamke wa makamo, katulia, ana kazi yake. Mwalimu pia, yuko Lindi. Posa imeshapokelewa."

Nikasema hongera. Sijui ilitokaje, lakini ilitoka.

"Sasa mama, kwa kuwa mama yangu mzazi hayupo, nimewaambia watu wetu nina mama yangu Kilwa, siku ya ndoa akae upande wangu. Wananiuliza wamweke na kina bibi au kina mama. Samahani kwa swali, hivi una miaka mingapi?"

Nikamwambia. Arobaini na moja.

Akairudia ile namba polepole.

"Mimi nina arobaini na tatu," akasema.



Akaniita jina langu. Mara ya kwanza toka tujuane. "Mwanahawa. Sasa mbona uliitikia?"

Wakuu, mwalimu mzima, nimeulizwa swali nikakimbia. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata.

Ijumaa iliyofuata ujumbe haukuja. Wala iliyofuata.

Simlaumu, na huyo dada wa watu sina neno naye, Mungu awajaalie kheri. Nasema kwa mdomo, moyo bado naubembeleza.

Nilichojifunza ni hiki, hasa walimu wenzangu: mtu akikuamkia, geuka kwanza umwone. Halafu ukimpenda mtu, sema. Utaonekana umejirahisi, sawa, watu watacheka wiki moja watapata jingine la kucheka. Mimi nililinda heshima yangu, ninayo hapa nyumbani, nzima kabisa, na sina wa kula naye.

Jana Somoe kaniletea kadi, Hemedi kaipitishia kwake. Ndoa ni Kilangala, korosho zikishauzwa. Kwenye bahasha Hemedi ameandika jina langu kwa mkono wake, Mwanahawa, bila mama. Na kitambaa cha sare kimo, cha upande wa bwana harusi.

Nishaurini, niende au nisiende? Wa kucheka mcheke, ruksa. Lakini mkimaliza kucheka mnijibu, maana fundi wangu anataka kujua leo kama akikate au asikikate.