Kaburi la Baba na Maji ya Bwawa

Siku niliyofukua kaburi la baba, maji yalinifika magotini nikiwa ndani ya shimo.

Sikuwa na wazimu. Ilikuwa 1993, lile bwawa la umeme lilikuwa limefungwa milango wiki hiyo, na mto wetu uliozoea kuteremka ziwani ukaanza kupanda. Mahindi yalishazama. Sisi tulishahamia Nyamasaria.

Aliyebaki nyuma ni baba yangu, Obiero.

Mama alikataa katakata kulihamisha kaburi. "Wacha baba yako alale," alisema, basi.

Nilimchukia siku hiyo, nasema ukweli. Mke gani anaacha mumewe azame? Nikamchukua binamu yangu Ouma na majembe mawili, tukaondoka bila kuaga.

Tulichimba kama fisi. Maji yalikuwa hatua nne kutoka ukingoni, na mengine yakichuruzika chini ya miguu yangu.

"Omera, ndugu yangu, tutakufa hapa! Twende!" Ouma alipiga kelele.

"Bado kidogo!"

Jembe likagonga mbao.

Hapo nikamsikia mama. Anakimbia kuteremka kilima, miguu mitupu, leso imeanguka.

"Wuod Obiero! Mwanangu, toka kwa hiyo shimo! Hakuna mtu huko!"

Nikajua huzuni imempanda kichwani. Nikavunja kifuniko.

Blanketi. Ndani yake, tunda la yago, refu kama mkono wangu, limeoza limebaki nyuzi.

Hakuna mfupa hata mmoja.

Kila Mjaluo anajua yago huzikwa badala ya nani. Ni badala ya mtu ambaye mwili wake haukupatikana.

Ukingo ukabomoka. Maji yakanifunika kichwa. Ouma alinivuta kwa kola ya shati, la sivyo nisingekuwa hapa nikiwaandikia.

Nilitapika tope, kisha nikamgeukia mama. "Si ulisema alikufa hospitali?"

Alikuwa analia. "Mto ndio ilichukua yeye, akivuka kutoka sokoni. Mlikuwa wadogo. Ningewaambia, mngekunywa maji gani?"

Miaka tisa nilichota maji pale. Nikaoga pale. Watu wazima wote walijua, wakafunga midomo.

Nilimkumbatia tu, tope na yote.

Wazazi, mtoto ukimficha ukweli kwa kumhurumia, ataukuza huo uongo mpaka awe tayari kuufia. Mimi nilibakisha dakika mbili.

Wanangu nimewapeleka bwawani, nikawaonyesha maji. Nikawaambia babu yenu yuko humu.