Kiraka cha Yaya Hulda

Yaya Hulda, dada yangu mkubwa kwa baba mkubwa, anafundisha vijana kompyuta hapa Kamina, katika chumba nyuma ya kanisa. Mwanafunzi wake Jessé alirudi kwao Kabongo na mashini moja kuukuu, na huko anajaribu kujenga toleo jipya la kompilateri, ile programu inayogeuza tunayoandika yawe kitu mashini inaelewa. Kila akijaribu, mashini inaganda. Mipangilio ya ujenzi inataka kazi nyingi kwa pamoja, na memori ni ndogo.

"Si umwambie mwenyewe wa hiyo programu?" nilimuuliza yaya.

"Mwenyewe ni kila muntu. Ukiona tundu katika programu, unatuma kiraka, marekebisho ya kuliziba. Wakikubali, Jessé atakipata pamoja na dunia yote."

Dunia yote, kutoka nyuma ya kanisa letu!

Sasa, huku kwetu mtu akipanda treni unampa vyote: unga, dawa, viatu vya mtoto, maana hujui nani atasafiri tena lini. Yaya alifanya vilevile. Mtandao ulipokuja, alikuwa amerekebisha kila shida aliyoiona katika mafaili ya ujenzi, akafunga yote katika kiraka kimoja, akatuma. Mlango wa toleo jipya ulikuwa unafungwa Ijumaa; kiraka kitakachochelewa hakiingii.

Jumatano mkaguzi anayepima viraka, mtu wa mbali tusiyemjua, akajibu kwa adabu: asante, lakini kiraka kimoja kibebe badiliko moja. Kigawe, utume upya.

Sadiki, anayeuza mega za mtandao wa simu mlangoni, akacheka. "Hulda, balikukatala? Bale habapende mizigo!"

"Uniache miye, Sadiki. Uza mega zako."

"Niuze nini? Rezo haiko!"

Kweli mtandao haukuwako. Yaya alikigawa jioni ileile, kisha Alhamisi nzima akainua simu juu kila pembe ya uwanja, akinuna, asile hata bukari, ugali wetu, aliyoipika mama.

Ijumaa asubuhi mtandao ukarudi. Akatuma. Mkaguzi akajibu upesi: kile cha memori ni kizuri, lakini jenga programu yote tangu mwanzo, utuonyeshe matokeo. Yaya akapiga meza. Kwa mashini yake, hiyo ni kazi ya siku nzima! Alianza hivyo hivyo. Tulikaa tunatazama mistari ikipanda polepole. Ilipomaliza bila kuganda, niliruka. Yaya hakuruka. Mlango ulikuwa umeshafungwa. Mkaguzi aliandika: kitaingia toleo linalofuata.

Akampigia Jessé.

"Linalofuata ni lini, madamu?"

"Miezi sita."

"Basi, nitangoja."

"Usingoje!" Yaya alifoka mpaka Sadiki akachungulia. "Andikia wakaguzi weye mwenyewe. Waambie kwamba Kabongo pia mashini inaganda. Wanafikiri niko peke yangu mwenye shida hii."

"Batanijibu?"

"Sijui, Jessé. Andika tu."