Amchukue Akiwa Ameshiba

Mukasine alikulia Karagwe, Tanzania, na hata baada ya kurudi Rwanda na kujenga huko Masaka, hasira zake zilibaki za Kiswahili. Ndiyo maana kaka yake, Nkusi, alijua mambo yameharibika siku aliyoambiwa, "Kaka, kaa chini. Leo utanisikiliza."

Ugomvi ulikuwa juu ya Akimana, binti wa marehemu mdogo wao wa kike, ambaye sasa Mukasine ndiye aliyemlea. Mtoto alizaliwa na moyo mbovu, na madaktari walishasema upasuaji hauwezekani tena; kilichobaki ni dawa. Akimana mwenyewe alitaka kitu kimoja tu: shule. Kila asubuhi alikaa mlangoni akiwatazama wenzake wakipita na sare, mpaka wa mwisho apotee kilimani.

Nkusi alikuja na Winifred, kiongozi wa kikundi cha maombi.

"Mungu ameshapanga, dada," alisema. "Mpeleke kwa shangazi kijijini akapumzike. Shule ya nini kwa mtoto ambaye…" Akanyamaza, maana Akimana alikuwa chumba cha pili.

"Unashindana na Mungu, mama," Winifred akaongeza kwa upole. "Kubali tu. Ni mapenzi yake."

Mukasine, aliyekuwa akimenya viazi, aliweka kisu chini.

"Alichopanga ni chake, hajanionyesha. Alichoniagiza nakijua: yatima mlishe, mvishe, mlee. Hakusema nimlee iwapo atapona. Akitaka kumchukua, ni wake, simzuii. Lakini amchukue akiwa ameshiba, ameoga, na anajua kuandika jina lake!"

"Na akizidiwa huko shuleni?" Winifred akauliza.

"Kwani huko shuleni Mungu hayupo? Si wewe unayetuombea kila Jumatano ukisema hakuna kinachomponyoka?"

Mukasine akachukua kisu chake, akaendelea na viazi.

Septemba ilipofika, Mukasine alimfunga Akimana mgongoni kwa kitenge, msichana wa miaka minane, miguu inaning'inia, akapanda naye kilima. Watu walicheka. Madereva wa moto, pikipiki za abiria, walipunguza mwendo wamwangalie. Hakugeuka. Mtoto akizidiwa, mgongo uleule ulimpeleka hospitali. Akipata nafuu, shule. Siku moja Akimana alirudi amenuna: mwalimu alikuwa amemsimamisha ukutani kwa kupiga soga darasani. Mukasine alicheka hadi machozi yakamtoka. Mtoto wake ameadhibiwa kama watoto wengine!

Kulikuwa pia na asubuhi alizoamka hana hamu ya kuomba wala kuamini. Asubuhi hizo alichemsha uji, akafunga kitenge, akatoka.

Akimana alifariki mwezi Machi, hospitalini, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake mkubwa.

Baada ya mazishi Nkusi alisema, "Umeona sasa? Nilikuambia Mungu ameshapanga."

"Na mimi sikukataa," Mukasine alijibu kwa ghadhabu. "Tulimwamini Mungu yuleyule, kaka. Wewe ukakaa ukasubiri. Mimi nikabeba."

Watu walipoanzisha wimbo wa shukrani, hakuimba. Alisimama katikati yao, akasema kwa sauti kila mtu aisikie: "Bwana, alikuwa wako, umemchukua. Sijafurahi, na unajua. Lakini ukiniagiza kulea mwingine, nitambeba."

Nkusi aliinamisha kichwa. Winifred peke yake ndiye aliyeitikia "Amina," kisha akakunja mikono ya nguo yake, akaenda kuosha vyombo.